Plagi ikiingia haina maana chaja ni ya betri hiyo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, maana wiki iliyopita kuna dada yetu mmoja aliandika hapa hapa kwamba hivi vifaru vya rimoti vya watoto, vile vya kivita, vipigwe marufuku sababu vinachoma nyumba. Nimeisoma ile barua mara mbili na usiku ule sikulala vizuri, sababu nyumba moja iliyoshika moto naijua, ni ya jirani yangu, na betri iliyowaka niliitoa mimi kwa mkono wangu. Kwahiyo sijaja kubishana na dada, hasira yake naielewa kabisa, nimekuja kueleza kilichowaka ni nini na kwanini kiliwaka, maana kifaru chenyewe kipo mezani kwangu mpaka leo na hakina hata doa la moto.

Mimi ni fundi redio hapa Tanga tangu 1996. Nilianza na redio kaseti, zikaja tivii za chogo, sasa hivi ni simu na spika za bluetuthi. Vifaru vimenikuta ukubwani. Mdogo wangu anafanya kazi Muscat, mwaka 2014 alikuja likizo na Tiger moja ya Heng Long, kampuni ya Kichina ya vifaru vya kuchezea, ile ya kipimo cha 1 kwa 16, kitu cha sentimita 40 hivi ukiacha mzinga, kinanguruma, kinatoa moshi nyuma, kinazungusha kichwa na kupiga vigololi vya plastiki. Alisema kamletea mwanangu lakini ukweli wote tunaujua, nilikikalia mimi. Kifaru halisi cha Tiger, cha Wajerumani wa vita ya pili ya dunia, kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, na kimoja kilitekwa huku huku Afrika, Tunisia, Aprili 1943, kipo makumbusho ya Bovington Uingereza na mpaka leo injini yake inawashwa. Watoto wa mtaani nikiwapa hiyo stori wanakaa kimya kabisa. Basi wakajua fundi anavipenda, kila aliyeletewa kifaru na mjomba wake kutoka Dubai au Uingereza kikiharibika kinaletwa kwangu, na katika kumi vinavyokuja, saba au nane shida ni betri.

Sasa hiki kisa. Kijana wa jirani, miaka 14, mtoto ana adabu na ana akili ya vitu, alikuja jioni na kifaru chake kwapani. Shikamoo fundi. Marahaba, kuna nini tena? Betri haikai na chaji fundi, dakika kumi tu kimelala. Nikafungua tumboni nikatoa betri, ni ile ya zamani ya nikeli, seli sita, volti 7.2, miliampea 1800, nikapima na mita seli mbili zimekufa kabisa. Kwenye droo nilikuwa na betri ya lipo, yani aina ya lithiamu, ya volti 7.4, miliampea 2200, nzima, ina plagi nyeupe ile ile ya Tamiya kama ya zamani. Nikachomeka, kifaru kikaondoka mbio kama kimetoka dukani leo, kijana akacheka, akanipa hela kidogo aliyokuwa nayo nyingine nikamwambia ataleta. Hakuniuliza kuhusu chaja na mimi sikumuuliza anachajia nini. Nimefanya kazi hii karibu miaka thelathini na hilo swali moja sikuuliza.

Alichofanya ni kile ambacho mtoto yeyote angefanya, hata mtu mzima. Alichukua ile chaja iliyokuja na kifaru, kale kadude keusi ka kuchomeka ukutani, akaona plagi inaingia vizuri tu, akachomeka saa 2 usiku, betri ikiwa juu ya mkeka pembeni ya godoro, akalala. Mimi hesabu nimeipiga baadae na inanikera mpaka sasa. Ile betri nilimpa ikiwa nusu, yani ilibaki kama miliampea 1100 ijae. Chaja imeandikwa inatoa miliampea 250. Gawanya, ni saa nne na nusu hivi. Kwahiyo saa 6 na nusu usiku betri ilikuwa imeshajaa, na chaja ile haina ubongo wowote wa kujua imejaa, ikaendelea kusukuma. Saa 10 alfajiri baba mtu kaamka kwa moshi. Mkeka umeungua, pazia limeungua, godoro nusu, na baba kaungua kiganja alipojaribu kuishika betri aitupe nje, mwisho akaichota kwa koleo akaitupia uani. Mtoto alitolewa mzima, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Watu wengi wakisikia wanasema lipo ni mbaya, au vitu vya Kichina vibovu. Hapana. Betri ilikuwa nzima, chaja ilikuwa nzima, kifaru kizima. Kila kimoja peke yake hakina kosa, kosa ni kuvioanisha, na kilichodanganya ni ile plagi nyeupe. Plagi ya Tamiya imewekwa kwenye betri za kila aina miaka na miaka, nikeli wanaiweka, lithiamu wanaiweka, kwahiyo ukiona imeingia na imelia tik unadhani ndo yenyewe.

Naomba nieleze tofauti yake kwa lugha ya kawaida sababu nikiwaeleza wateja dukani huwa wanaelewa. Betri ya nikeli, ile iliyoandikwa NiMH au za zamani zaidi NiCd, kila seli ni volti 1.2, sita zinaleta 7.2. Hii ni betri mvumilivu. Ukiichaji polepole ikazidi kidogo inageuza umeme wa ziada kuwa joto, inapata moto mkononi lakini haiwaki. Chaja nzuri ya nikeli inajua imejaa kwa kuvizia volti, maana nikeli ikijaa volti inapanda halafu inashuka kidogo sana, ni kama mtu anayejaza maji kwenye dumu huku anasikiliza sauti, sauti ikibadilika anafunga bomba. Chaja rahisi ile ya ukutani haisikilizi chochote, inategemea wewe uangalie saa.

Lithiamu ni kitu kingine kabisa. Kila seli volti 3.7, mbili zinaleta 7.4, na kila seli ikifika 4.2 imejaa, hapo ni mwisho, hakuna cha kuongeza. Kwahiyo seli mbili mwisho wake ni 8.4. Chaja yake inatakiwa ipandishe mpaka 8.4 halafu ishikilie hapo hapo huku inapunguza ampea taratibu mpaka zinakaribia kuisha, ndo ikate. Lithiamu haina ile kushuka kidogo ambayo chaja ya nikeli inaisubiri. Ukiilazimisha kupita hapo, madini ya lithiamu yanaanza kuganda ndani mahali yasipotakiwa, maji yake yanageuka gesi, pakiti inavimba kama andazi, joto linazaa joto na ikishafika hapo hata ukichomoa chaja umechelewa. Na moshi wake ni sumu, msiuvute.

Kuna jambo linawachanganya hata mafundi wenzangu. Wanasema 7.4 ni kubwa kuliko 7.2 kwahiyo lipo itaunguza bodi ya kifaru. Haiunguzi. Nikeli ikitoka kwenye chaja kila seli inasoma kama 1.4, zidisha sita unapata 8.4, sawa sawa na lipo iliyojaa. Kwa upande wa bodi na mota ni kitu kimoja, ndo maana kifaru cha yule kijana kilikimbia bila shida. Kinachoweza kuunguza ni mtu kuweka lipo ya seli tatu, volti 11.1 ambayo ikijaa ni 12.6, kwenye bodi ya zamani iliyotengenezewa 7.2. Hiyo nimeiona, bodi inatoa harufu ile ya fundi umechelewa.

Sasa kuchagua. Wazazi wakinijia siku hizi nawauliza kwanza nani atakuwa anachaji. Kama ni mtoto na mzazi hana muda, namwambia baki na nikeli, usidanganywe na mtu. Tafuta pakiti mpya ya seli sita, miliampea 3000 hivi zinapatikana, na kama unaweza ile aina isiyopoteza chaji ikikaa kabatini, Sanyo ndo walianza nazo 2005 kwa jina la Eneloop na sasa makampuni mengi wanatengeneza. Nikeli za kawaida kwenye joto letu la pwani ukiiweka mwezi mmoja unakuta sehemu kubwa imeshapotea yenyewe, watu wanadhani imeibiwa au imekufa. Nikeli ina uzito zaidi na inaisha taratibu, kifaru kinaanza kuzubaa zubaa kabla hakijalala, ambayo mimi naona ni sifa nzuri, inakuambia rudi nyumbani.

Lipo ni nyepesi, inabeba umeme mwingi kwa nafasi ndogo na inatoa nguvu ile ile mpaka karibu na mwisho. Ndo hatari yake ya pili hiyo, mwisho unakuja ghafla. Lithiamu haitakiwi kushuka chini ya volti 3 kwa seli, mimi nasimama 3.5. Ukiimaliza kabisa inaumia ndani na siku nyingine ukiichaji inaweza kukufanyia vituko. Vifaru vya zamani bodi yake haijui kukata, itanyonya mpaka tone la mwisho, na mbaya zaidi mtoto akisahau swichi imewashwa usiku kucha asubuhi betri imekufa. Kuna vikengele vidogo vya bei rahisi vinachomekwa kwenye ule waya mwembamba wa pembeni wa betri, unaset 3.5, seli yoyote ikifika hapo kinapiga kelele mtaa mzima unasikia. Kama huna hicho kikengele usitumie lipo kwenye bodi ya zamani, mimi siuzi tena bila hicho.

Halafu kuna aina ya tatu ambayo huku bado haijulikani sana na mimi naipenda kuliko zote kwa vifaru, inaandikwa LiFe au LiFePO4, lithiamu ya chuma na fosfeti, ndugu wa zile betri za sola mpya watu wanazofunga majumbani. Seli yake ni volti 3.2, inajaa kwenye 3.6, kwahiyo mbili ni 6.4 na zikijaa 7.2. Kifaru kinakwenda pole kidogo, lakini kifaru ni mnyama wa kwenda pole, si gari la mashindano. Inavumilia joto na makosa kuliko lipo na si rahisi kuwaka kama lipo. Ila nayo inataka chaja iliyowekwa kwenye LiFe, ukiweka kwenye LiPo unaisukuma mpaka 8.4 wakati mwisho wake ni 7.2, umerudi kule kule.

Kuhusu zile namba za C, yani betri inaweza kutoa mara ngapi ya ampea zake. Watu wanakuja na lipo imeandikwa 100C wameinunua ghali wakijua ni bora. Fanyeni hesabu, betri ya miliampea 2200 ni ampea 2.2, zidisha kwa 20C tu unapata ampea 44. Kifaru changu nimekipima, kwenye sakafu kinakula ampea 2 hivi, kwenye mchanga wa Raskazone kinapanda 4 mpaka 5, na kinapogeuka papo hapo, mnyororo huu mbele ule nyuma, hapo ndo kinakula zaidi hasa juu ya kapeti. Hakifiki 44 hata siku moja. Hiyo hela ya 100C nunua chaja. (Na mkitoka ufukweni futeni minyororo jamani, chumvi inakula vyuma, na mchanga ukiingia kwenye gia mota inalia na betri inaisha nusu ya muda, halafu lawama anapewa fundi.)

Namba nyingine ya kuangalia sana ni miliampea zenyewe. Kuna seli za mviringo za 18650, yani upana milimita 18 urefu 65, wengine wanafunga mbili mbili kutengeneza pakiti ya kifaru na vifaru vingi vipya vya Heng Long vinakuja na lithiamu ya namna hiyo tayari. Ukikuta imeandikwa 9900 weka chini ondoka. Seli ya kweli ya ukubwa huo ya watengenezaji wakubwa ni kwenye 2000 mpaka 3500 hivi. Ishike mkononi, ya kweli ina gramu 45 hivi, zile feki nyingine nyepesi kama zina pamba ndani. Na kutoa seli kwenye laptop bovu na kuzichomelea solda moja kwa moja juu ya seli, nawaomba vijana mafundi acheni, lile joto linaumiza seli ndani na hujui ilishateseka kiasi gani kule ilikotoka.

Pimeni pia tumbo la kifaru kabla ya kununua. Zile lipo za ganda gumu za magari ya mbio zina urefu karibu sentimita 14 na upana 4.7, vifaru vingi haviingii, na nimeletewa mtu kailazimisha mfuniko umebana waya mpaka umechubuka. Waya uliochubuka juu ya betri ya lithiamu sihitaji kuendelea.

Kuchaji sasa, na hapa naomba Mhariri usinikate. Kama unaingia kwenye lithiamu nunua chaja ya kuchagua, zile za muundo wa B6 zenye kioo kidogo na vitufe vinne zinapatikana, inakuuliza ni LiPo, LiIon, LiFe au NiMH, seli ngapi, ampea ngapi. Ukijibu uongo inakuamini, kwahiyo soma ganda la betri kwanza ndo ubonyeze. Ampea za kuchajia ni ile namba ya betri yenyewe, 2200 weka 2.2, inachukua saa moja na kidogo, mimi naweka 1.1 sababu sina haraka na betri inaishi zaidi. Ule waya mwembamba mweupe wa pembeni lazima uchomekwe, ndo unaosawazisha seli, maana moja ikiwa 4.0 na nyingine 4.4 jumla inasoma 8.4 unaona sawa kumbe moja inaungua. Na zile B6 nyingi zinakula umeme wa volti 11 mpaka 18, kwahiyo kwenye nyumba za sola unachomeka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 bila inveta, kule kijijini kwetu nafanya hivyo.

Kwa wale wa nikeli na chaja rahisi ya ukutani, hesabu ya kichwani ni hii, chukua miliampea za betri gawanya kwa za chaja halafu ongeza kama nusu ya jibu au pungufu kidogo sababu umeme mwingine unapotea kwa joto. 1800 kwa 250 ni saa 7 na kidogo, ukiongeza unapata kama 10. Weka alamu kwenye simu. Na umeme ukikatika katikati, maana tunajua tunakoishi, usianze kuhesabu upya ukirudi, endelea ulipoishia. Zile chaja zenye taimu ndani nyingine umeme ukirudi zinaanza upya toka sifuri, hizo mgao unaziponza, kaa karibu nazo.

Mahali pa kuchajia ni kwenye saruji, mbali na kapeti, mkeka, godoro, pazia na mtungi wa gesi. Mimi nachajia ndani ya chungu cha udongo, kile cha kawaida cha sokoni, kimekaa barazani kwenye kivuli na pembeni nina ndoo ya mchanga mkavu. Si jambo la kuchekwa, chungu kimetengenezwa kwa moto na hakiogopi moto. Usifunike kwa kubana, gesi inatafuta njia. Usilale, usiende msikitini, usiende dukani mara moja narudi. Betri ikiwa imetoka kufanya kazi na bado ya moto, subiri ipoe kwanza, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani, mdogo wangu kule Muscat alipoteza mbili kwa namna hiyo mchana mmoja. Ikivimba hata kidogo hiyo imekwisha, usiitoboe, usiibane irudi, usiipe mtoto mwingine, iweke kwenye mchanga nje na uwapelekee wanaokusanya vyuma vya kielektroniki uwaambie wazi ni lithiamu. Msiitupe jalani, jalani kunachomwa moto kila jioni na watoto wanapita.

Ukikaa muda bila kucheza, lipo usiiweke imejaa wala tupu, iache kwenye 3.8 kwa seli, chaja za kuchagua zina kitufe cha hivyo.

Na kwa ndugu wanaotuletea kutoka nje, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege, zinabebwa mkononi, ncha zimefungwa tepu zisigusane. Mpaka saa-wati 100 hakuna shida, na hizi za vifaru ni ndogo, 7.4 mara 2.2 ni 16 tu. Ila mkituletea betri tuleteeni na chaja yake, tafadhali sana, na mwandike kwa kalamu hii na hii ni mtu na mkewe.

Ninachowaomba wauzaji na mafundi wenzangu ndo hicho hicho. Usiuze lithiamu bila kuuliza mteja anachajia nini. Hata kama anakwambia anajua, mwambie akuonyeshe. Na ile plagi nyeupe tuiachie nikeli peke yake. Mimi tangu ule usiku kila lithiamu inayopita kwangu nakata plagi nyeupe naweka ile ya njano ya XT60, na kwenye kifaru naweka ya njano, kwahiyo ile chaja ya ukutani hata mtoto akitaka haiingii. Kwa anayetaka kujifanyia, kata waya mmoja kwanza, uufunge tepu, ndo ukate wa pili, ukikata yote miwili kwa mkasi mmoja umeunganisha chanya na hasi kwa chuma na utaona cheche ambazo hutazisahau. Tepu nyekundu lithiamu, bluu nikeli, kijani LiFe, kwenye betri na kwenye chaja yake. Gharama yake ni ndogo kuliko soda, na mteja wangu simlipishi kabisa.

Dada aliyeandika wiki iliyopita, kama upo hapa Tanga nakukaribisha dukani uone vyote hivi kwa macho. Na mzazi yeyote mwenye kifaru nyumbani ambaye hajui betri yake ni ipi alete betri na chaja pamoja, napima na kuandika bila malipo.

Kifaru cha yule kijana nimeshakimaliza. Nimeweka LiFe, plagi ya njano, fyuzi ya ampea 10 kwenye waya mwekundu, na chaja nimenunua mimi. Baba yake mkono unaendelea vizuri, juzi alipita tukakaa tukaongea, akasema kifaru atakuja kukichukua Jumamosi. Tumekubaliana kijana atakuja naye mapema, tutakaa barazani mimi na yeye na kile chungu, ataichaji mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka chaja iandike imejaa, ndo aondoke nayo.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Fundi redio,
Tanga